Fahali ya Nyumba

Jumanne, 7 Aprili 1992

Mvua tangu asubuhi. Nimerudi shule, nimekula viazi vilivyopoa, nimekaa kizingitini na sindano yangu. Kama kila siku.

Leo nimepata mchoro kwenye bati la jirani. Kutu imeshuka kwa mistari, mingine mirefu, mingine mifupi, kama nywele zilizokatwa na mtu mwenye hasira. Nimeushona kwa uzi wa kahawia niliofumua kwenye sweta la zamani la Baba. Umetoka vizuri. Sikumwonyesha mtu.

Michoro ipo kila mahali. Matundu ya hewa kwenye ukuta wa msikiti. Nyanya zilizopangwa mafungu. Gome la mgomba likikauka. Watu wanapita tu. Sijui huwa wanaangalia nini.

Bibi ameita kutoka jikoni: "Zaituni, utarara hapo mlangoni?"

Kurara. Bibi hana l mdomoni. Mtaa wetu mzima wa Biryogo karibu hauna. Kinyarwanda kimewala ndimi. Mimi ninayo. Shuleni Kiswahili hakifundishwi, nimejifunza mwenyewe, kwa redio ya Tanzania na kwa ile kalenda ya methali aliyoileta Baba kutoka Kigoma. Nikisikia r, kwanza najiuliza kama haikuwa l. Ni mchezo wangu. Karibu kila mara nashinda.

Alhamisi, 9 Aprili

Dada Hadija anaolewa mwezi ujao. Ni Hamisi wa Muhima, yule muuza balbu na nyaya. Mkewe alifariki bila kumwachia mtoto.

Ninaandika bila furaha wala huzuni. Naogopa. Dada aliolewa mara ya kwanza Gitarama. Miaka minne, hakuna mtoto, akarudishwa na begi lake na godoro. Tangu hapo hapiti mbele ya wanawake waliokaa. Anazunguka nyuma ya nyumba.

Bibi amesema mbele yake, akichambua maharage: "Hii ndiyo ya mwisho. Mwanamke akirudishwa mara mbili, hata paka hamtaki." Dada aliendelea kuosha sufuria.

Dada ndiye aliyenilea Mama alipokufa. Alinifundisha kushika sindano. Nitamshonea kitu. Kitambaa kikubwa cha ukutani, cha kutundikwa juu ya kitanda, chenye maneno. Wanawake wa Muhima wakiingia kuona chumba cha bibi harusi, wakione hicho kwanza. Wajue ameletwa na watu.

Jumapili, 12 Aprili

Baba hayupo. Tangu vita vianze kaskazini, lori lake linazungukia mpaka wa Rusumo na yeye anachelewa. Kwa hiyo nimemwuliza Bibi maneno ya kushona.

Bibi hakufikiri hata kidogo. "Andika: Hadija, fahari ya nyumba."

Nilishangaa. Sikujua kama Bibi ana maneno ya namna hiyo. Kumbe anampenda.

Nimeandika kwa penseli: HADIJA FAHALI YA NYUMBA. Bibi anasema fahari, lakini Bibi husema pia "mahari hapa" akitaka kusema mahali. Tena ushahidi ninao. Kwenye kalenda ya Baba imechapishwa: Mafahali wawili hawakai zizi moja. Bibi hutuambia hiyo hiyo mimi na Dada tukigombana, "mafahari wawiri", yaani wawili wanaojiona. Basi ni l. Fahali. Linapendeza zaidi hivyo. Laini, kama maziwa.

Jumatano, 15 Aprili

Mwalimu ametusimamisha tena darasani kwa makabila, ajaze karatasi zake. Imakulata alisimama na wenzake wawili, wengine wote tumekaa tunawaangalia. Mtu nyuma alicheka. Imakulata aliangalia ubao.

Ni msichana wa mtaa wa Sonatubes, anatembea mbali kuja shule. Hana rafiki, mimi pia sina, kwa hiyo tunakaa pamoja wakati wa mapumziko. Ana mikono ya ajabu. Anatengeneza kadi kwa magome ya mgomba, anakata vipande kwa wembe na kubandika mpaka unaona mwanamke, kuni, kilima. Leo amenionyesha mshono wa mnyororo, kitanzi kinashika kitanzi, ili herufi zangu zisilale.

Akasoma kitambaa kwa sauti: "Hadija fahari ya nyumba."

Nikamwambia si fahari, ni fahaLi. Weka ulimi juu. Rudia. Akarudia, ikatoka r. Nikamwambia tena. Akarudia mpaka macho yakajaa maji, na mimi sikuacha. Sijui kwa nini sikuacha. Ilikuwa tamu kidogo, kuwa mimi ninayejua.

"Fahari ni nini?" akauliza mwisho.

Nikamweleza. Kitu cha kujivunia. Nyumba ikiwa nacho, watu hawaidharau. Akasema: "Ni neno nzuri."

Neno zuri, nikamwambia.

Jumatatu, 20 Aprili

Bibi, Dada na mimi tumeenda Muhima kumsalimu mama mkwe. Likizo ya Pasaka, barabara tupu. Chini, karibu na Nyabugogo, askari wamefunga barabara kwa waya wa miiba. Walisoma vitambulisho polepole. Nimesimama naangalia ule waya. Umezungushwa duara juu ya duara, na kila duara lina vijiti vinne vikali. Nimeupata ukingo wa kitambaa changu. Nitautengeneza kwa kijani na watafikiri ni maua.

Mama Hamisi ni mnene, ana pete kwenye kila kidole, anaongea Kiswahili cha sokoni. Hajui kusoma na anajivunia. Alimwambia Dada asimame. Alimzungusha kama mtu anayechagua mbuzi. Akamshika kiuno kwa mikono miwili.

"Kiuno kubwa hivi," akasema. "Miaka ine huko Gitarama, na tumbo iko tupu tu? Ulikuwa unaweka nini ndani, hewa?"

Wanawake waliokuwepo walicheka. Bibi pia alicheka, ili aonekane hana kinyongo. Nilimchukia Bibi. Hamisi mwenyewe alikuwa mlangoni na soda mkononi. Alitabasamu, akaondoka.

Njiani Dada aliniuliza: "Kitambaa kimefika wapi?" Nikasema kinaendelea. Akasema: "Kishone kizuri, Zai. Nitahitaji kitu cha kuangalia."

Jumapili, 26 Aprili

Mama Salma amekiona.

Ni jirani yetu wa ukuta kwa ukuta. Alikulia Ujiji na alisoma huko. Anaongea Kiswahili kama redio. Mtu akinunua kanga, anampelekea amsomee jina lake. Mimi humwonea haya sana. Akinisalimu, maneno yangu yote yanakimbia.

Bibi anasema nisimwamini. Anasema Mama Salma alimtaka Hamisi kwa binti yake Salma, mara mbili alipeleka sinia la maandazi Muhima, sinia likarudi tupu na Salma hakuitwa. Mambo ya wazee. Kwangu ni mtu pekee hapa anayejua maneno.

Alichungulia juu ya bega langu. Halafu akachuchumaa, akakishika kitambaa, akapitisha kidole juu ya herufi moja moja.

Nikamwuliza: "Nimeandika sawa, Mama Salma?"

"Sawa kabisa," akasema. "Kila herufi umeipatia. Maneno ni ya nani?"

"Ya Bibi."

"Bibi yako ana hekima." Alitabasamu kwa meno yote. "Ila mwanangu, herufi ndogo hizi, tena za bluu. Chumba cha Muhima ni kikubwa. Zikuze. Ushone nyekundu, mtu azisome akiwa bado mlangoni."

Nimefurahi mpaka nimeshindwa kula. Amesema kila herufi.

Alhamisi, 30 Aprili

Nimefumua yote. Nimeanza upya, herufi kubwa kama kiganja, nyekundu. Mama Salma ameniletea uzi mwenyewe, vibunda vitatu, na hakutaka shukrani. Kidole kimetoboka, damu imeanguka kwenye H. Haionekani. Rangi moja.

Nashona ninaporudi shule mpaka umeme ukatike.

Jumatatu, 4 Mei

Imakulata amenisaidia ukingo wakati wa mapumziko. Ameuelewa ule waya bila kuambiwa. "Hii ni barriyeri," akasema, yaani kizuizi cha askari. Nikamwambia ni maua. Akasema sawa, ni maua, na akaendelea kushona miiba.

Wasichana wa mbele wametupitia: "Bibi Kitabu na mke mwenzake!" Wakatupa maganda ya karanga kwenye kitambaa. Tukayapangusa. Nimezoea. Yeye nadhani amezoea zaidi.

Ijumaa, 8 Mei

Nimemaliza. Sijawahi kutengeneza kitu kizuri hivi.

Kutu ya bati ipo, pembeni, kama manyoya. Matundu ya msikiti yapo. Waya upo. Katikati maneno. Nimemwonyesha Dada peke yake, chumbani. Aliyasoma kwa sauti ndogo: "Hadija fahari ya nyumba." Akajifunika nacho usoni, akakaa hivyo. Kilipotoka kilikuwa na maji sehemu mbili. Akasema hakuna mtu aliyewahi kuandika jina lake mahali popote isipokuwa kwenye kitambulisho na kwenye talaka.

Nina furaha. Naandika ili nikumbuke kwamba nilikuwa nayo.

Jumamosi, 9 Mei

Vyombo vimeenda Muhima kwenye gari la kukodi. Kitambaa nimekibeba mwenyewe mapajani. Nimekitundika kwa misumari minne juu ya kitanda. Kinaonekana toka mlangoni. Nimejaribu mara nyingi, kutoka na kuingia.

Jumapili, 10 Mei

Siwezi.

Jumatatu, 11 Mei

Sikwenda shule. Nitaandika tu, moja kwa moja.

Ndoa ilifungwa asubuhi msikitini, salama. Alasiri wanawake walikusanyika Muhima kufungua chumba. Ndiyo desturi. Bibi harusi anakaa kitandani, kafunikwa, na upande wa mume wanaingia kuona alichokuja nacho. Mimi nilikuwa nashika sinia la juisi.

Mama Hamisi aliingia wa kwanza. Aligusa mashuka. Aligusa sufuria. Akainua macho ukutani, na uso wake ulilainika. Niliona. Aliupenda ukingo, akasema, "Angalia maua." Halafu akauliza: "Imeandikwa nini? Nani iko na macho hapa?"

"Mimi nitasoma," alisema Mama Salma. Alikuwa amesimama karibu kabisa, tayari.

Akasoma polepole kama mtu anayetangaza habari. "Ha-di-ja. Fahali. Ya nyumba." Ulimi juu, l safi.

Wengine walikuwa hawajaelewa, wakapiga vigelegele. Mama Salma akasubiri viishe. "Fahali," akasema, "ni dume la ng'ombe. Si mimi ninayesema. Ni ukuta."

Kisha mmoja kutoka kule nyuma: "Ng'ombe dume? Basi nani atampanda nani?"

Wakaanguka kicheko. Waliegemeana. Mmoja aliweka vidole kichwani kama pembe na kumwinamia Dada. Na bado ningevumilia, lakini Mama Salma alikuwa hajamaliza. Alisema kwa upole, kama anayeeleza mtoto: "Na fahali hazai."

Hapo walinyamaza wote. Kimya kile kilikuwa kibaya kuliko kicheko.

Mimi nilielewa pale pale, na sinia mkononi. R ya Bibi ilikuwa r kweli. Mara hiyo moja alisema sawasawa, na mimi nikamsahihisha.

Nilipiga kelele. Mimi, ambaye darasani sijibu hata nikijua. Nilisema: "Ni fahari! Nilitaka kuandika fahari! Fahari!"

Shangazi yake Hamisi akanijibu: "Ndiyo, mtoto, tumesikia. Fahari. Ng'ombe dume."

Nikasema tena. Si fahali, ni fahari. Walinitazama kama mwenda wazimu. Masikioni mwao ni neno moja. Kwa mdomo nilikuwa nasema kitu kile kile mara mbili. Kwa uzi tu ndiyo yalikuwa mawili, na uzi ulikuwa umeshasema.

Nilimwangalia Mama Salma. Yeye alikuwa anasikia tofauti. Yeye peke yake. Alichukua glasi ya juisi kwenye sinia langu, akanywa.

Bibi alikimbilia ukutani kukitoa. Mama Hamisi akamshika mkono. "Muache hapo," akasema. "Watu ya Biryogo wametuma salamu, sisi tumepokea. Siku hii fahari itazaa, ndiyo tutatoa."

Dada hakufunua uso. Chini ya kitambaa cha kichwa niliona mdomo wake tu. Haukutikisika.

Jumatano, 13 Mei

Bibi amechukua kopo langu la nyuzi, sindano, mkasi, vipande vyote vya mwaka mzima, amevitupa chooni. Nilivisikia vikianguka. Kopo lilipiga ukuta kwanza.

Hakunipiga. Alisema: "Umesoma, umesoma, mpaka umemzika dada yako." Halafu akaenda kuswali.

Hana kosa. Hapana, analo. Alicheka siku ile ya kiuno. Mimi pia ninalo. Sitaki kupima leo.

Alhamisi, 14 Mei

Shuleni wanajua. Mmoja wa wasichana wa mbele ana shangazi Muhima. Nilipoingia walilia kama ng'ombe, safu nzima. Mwalimu aliuliza kuna nini. Wakamweleza. Akageukia ubaoni kuficha kicheko, mabega yakamtikisika.

Imakulata hakulia kama ng'ombe. Hakukaa na mimi pia. Alihamia dirishani.

Jumapili, 17 Mei

Mama Salma amekuja kutupa pole. Na maandazi! Bibi aliyapokea, kwa sababu mtu hakatai chakula cha jirani, na akaenda kuyapanga kwenye sahani jikoni. Tukabaki wawili.

Nilikuwa nimejiandaa siku tatu nzima. Nilitaka kusema mengi. Yalitoka mawili tu: "Ulijua. Nilikuuliza."

Alirekebisha kanga yake begani. "Uliniuliza kama umeandika sawa," akasema. "Uliandika sawa. Hukuniuliza maana yake. Mimi ni mwalimu wako?"

Halafu akasema kitu ambacho sikukitegemea, kwa sauti ya chini, si ya redio. "Salma amekaa ndani tangu lile sinia lirudi. Hakuna aliyekuja kwetu kulia na sisi."

Akatabasamu tena. Akaondoka. Yale maandazi Bibi aliyala. Mimi sikuyala, na nilikuwa na njaa.

Jumamosi, 23 Mei

Nimeenda Muhima. Kitambaa kipo. Mgeni yeyote akija, Mama Hamisi anamwingiza chumbani kwa Dada kumwonyesha, kama watu wanavyoonyesha saa ya ukutani. Ameshayakariri maneno. Anaweka kidole chini ya herufi na "kusoma", kidole kikiwa kwenye neno lisilo lake.

Hakuna tena anayemwita Dada kwa jina. Fahari, leta maji. Fahari, funga duka. Watoto wa mtaani wanamtikisia nyasi. Hamisi anasema haya ni mambo ya wanawake. Si mkali. Anampa chakula, anampa sabuni. Utetezi ndio hampi.

Nilimwambia Dada nisamehe. Akasema: "Nimekusamehe, Zai. Sasa usiniulize tena, maana kila ukiniuliza inabidi nisamehe upya."

Juu ya kichwa chake herufi zangu nyekundu. Zinasomeka vizuri sana kutoka mlangoni.

Jumatano, 27 Mei

Siangalii kitu njiani. Nikianza kuona mchoro naangalia viatu. Mabati ni mabati. Mikono haina kazi, nakata kucha mpaka zinauma.

Jumatatu, 1 Juni

Imakulata amerudi kukaa na mimi. Alikaa tu, bila salamu. Alikuwa anabandika kadi yake, na mimi nikimtazama. Baadaye akasema, bila kuinua macho: "Yule mama wa Hamisi hajui kusoma?"

"Hajui."

"Na wale wageni?"

Nikafikiri. Wachache sana. Kidole cha Mama Hamisi ndicho kinachowasomea.

Akatoa kwenye mkoba wake sindano iliyochomekwa kwenye kipande cha gome, na uzi mwekundu uliozungushwa kwenye njiti ya kiberiti. Alikuwa ameufumua kwenye ukingo wa mkoba wenyewe, niliona palipobaki wazi.

"Wewe ulinifundisha kusema l," akasema. "Sasa mimi nitakufundisha kushona r."

Hakucheka. Sikujua kama ananisaidia au ananilipa. Nadhani vyote viwili. Alichora kwenye mchanga kwa kijiti. Mguu wa l unaondoka. Kichwa kinazungushwa, kinarudi katikati, kisha mguu mwingine unashuka mshazari. Baadaye unalowesha kitambaa kwa kidole na kukwaruza na ukucha mpaka matundu ya zamani yafunge. Nilifanya mazoezi kwenye pindo la sare yangu. Alinirudishia kazi mara nyingi. "Rudia," alisema. "Rudia." Macho yalinijaa maji na hakuacha.

Nilistahili.

Jumamosi, 6 Juni

Nilienda, sikuweza. Mama Hamisi alikuwa nyumbani siku nzima na mguu unauma. Nilikunywa chai, sindano ikiwa ndani ya soksi. Aliniuliza kama nimemletea mkwe wake nyasi.

Jumapili, 14 Juni

Mvua zimekwisha. Vumbi limeanza. Idd kubwa imepita, nyama iliyobaki imetundikwa jikoni.

Mama Hamisi alienda kwa dada yake. Hamisi dukani. Dada alikaa mlangoni na ungo wa mchele, akiangalia njia. Mimi nilivua viatu, nikapanda kitandani.

Nilikata uzi wa mguu wa l na kuuvuta, tundu kwa tundu. Mshono wa mnyororo ukishaukata mahali penyewe, unafunguka kirahisi. Ulikuwa unalia kidogo ukitoka. Kisha nikazungusha kichwa. Kisha mguu wa mshazari. Uzi wa Imakulata umekoza kidogo kuliko ule wa Mama Salma. Mtu akijua atauona. Nililowesha kidole, nikakwaruza pale palipokuwa na l, mpaka kitambaa kikatulia.

Dada aliacha ungo, akaja kusimama chini ya ukuta. Alisoma kwa midomo bila sauti. Alinyoosha mkono akaigusa herufi mpya, kama mtu anayepima joto la mtoto.

Nilimwuliza kama tukitoe kabisa tukichome. Akasema hapana, kikitoka Mama atauliza, na kikibaki hatauliza.

Tulisikia geti. Nikashuka, nikavaa viatu, nikakaa kwenye kigoda. Mama Hamisi alipita uani akihema, akatupa mkoba wake, akaita kwa sauti ile ya kuita mbwa:

"Fahari! Fahari, chai iko wapi?"

Kwa r, kama siku zote. Hana nyingine.

Dada aliangalia ukutani, kisha akaniangalia mimi.

"Abee, Mama," akasema, akaenda.

Mimi nilibaki nikiokota vipande vya uzi mwekundu sakafuni, nisiache hata kimoja. Nimevileta nyumbani ndani ya soksi. Njiani jua lilikuwa linalala juu ya mabati ya Muhima, kutu yake mistari mirefu na mifupi. Niliangalia viatu mpaka kizuizini. Baada ya hapo niliinua macho.